Mrejesho: kwa nini mdogo wangu alinyimwa damu

Wapendwa, wiki tatu zilizopita niliuliza: mdogo wangu amekutwa na saratani kali ya damu, amepauka hadi viganja, Hb (kipimo cha wingi wa damu) ni 6, na bado madaktari hawataki kumwongezea damu. Niliuliza kwa hasira. Leo nimepata jibu.

Chembe zake nyeupe zilikuwa 186,000. Kawaida ni kati ya 4,000 na 11,000. Zikipita 100,000 ni dharura. Daktari alinieleza hivi: "Damu yake imekuwa nzito kama uji uliolala. Tukimwongezea chembe nyekundu sasa, tunaizidishia uzito." Zile chembe nyeupe za saratani, ambazo bado ni seli changa, ni kubwa, zinanata, zinaziba mishipa midogo ya mapafu na ubongo. Kumbe ndiyo maana alikuwa akihema hata akiwa amekaa tu, na usiku ule aliniita kwa jina la marehemu baba. Mimi nikadhani ni homa! Ukiona hivyo kwa mgonjwa wako, muwahishe hospitali usiku huohuo, usisubiri kliniki ya Jumatatu.

Aliwekewa dripu mfululizo, akapewa haidroksiyurea ya kupunguza seli na alopurinoli ya kulinda figo, maana seli zikifa kwa wingi zinamwaga sumu. Mkojo ulipimwa usiku na mchana. Chembe za kugandisha damu alipewa, kwa kuhofia kuvuja damu ubongoni. Siku ya nne chembe nyeupe zilishuka hadi 41,000, kemotherapia ikaanza, na damu akaongezewa taratibu.

Safari bado ndefu. Lakini jana alimaliza sahani ya wali maharage, akaomba redio asikilize mpira. Asanteni sana mlionisihi nimuulize daktari kwa upole.