Kiwanja cha udongo cha Knoxville: kilianzaje, na mbona hakijafa?

Ekseli_Nzima (Jinja)
Jamani, salaam. Huku kwetu ukitaja mbio za udongo watu wanafikiria rali, au motokrosi ya Busiika. Mbio za kuzunguka duara hatuna. Wanaojua historia ya viwanja vya sprinti (magari mepesi ya mbio za duara la udongo) vya Marekani naomba mnifafanulie: Knoxville, kile cha Iowa, kilitokana na nini? Mbona kiko hai ilhali vingine vyenye jina vimefutika? Na udongo wake una nini? Nauliza kwa sababu kuna watu wanapanga kuchonga duara shambani, wanasema ni kazi ya greda siku mbili. Nina shaka.

Raundi50
Kilitokana na farasi. Miji mingi ya Marekani ya kati ilikuwa na uwanja wa maonyesho ya kilimo wenye njia ya farasi ya nusu maili, takriban mita 800, na jukwaa la watazamaji. Magari yalipokuja yalikuta njia ipo na viti vipo. Ndiyo sababu Knoxville ni nusu maili, na ndiyo sababu magari yanakata kushoto tu: farasi wa Marekani walikuwa wakizunguka hivyo hivyo.

Mbio za kila wiki zilianza 1954. Mwaka 1961 promota Marion Robinson akaanzisha mashindano makubwa, Knoxville Nationals, na mshindi wa kwanza akawa Roy Robbins. Tangu hapo ni kila Agosti, isipokuwa 2020 kwa ajili ya korona. Steve Kinser ameshinda mara 12, Donny Schatz mara 11. Makumbusho ya magari ya sprinti nayo ilifunguliwa pale pale mwaka 1992.

Kwa nini hakijafa? Ardhi. Kiwanja ni cha chama cha maonyesho cha kaunti ya Marion, hakuna mwenye shamba anayengoja bei ipande. Linganisha na Ascot Park ya Gardena, California. Kilifunguliwa 1957, nyumba na maghala ya Los Angeles yakakizunguka, Novemba 1990 kikafungwa. Udongo wake haukuwa na kosa lolote. Eldora ya Ohio ilipona kwa njia nyingine: Earl Baltes aliijenga 1954 karibu na ukumbi wake wa dansi, ikiwa robo maili tu, akairefusha mpaka ikafika nusu maili mwaka 1958, halafu 2004 akamuuzia dereva, Tony Stewart. Angemuuzia dalali wa viwanja leo tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Fundi_Ndeeba
Ya ardhi nakubali, lakini ndugu Raundi50 umeruka gari lenyewe, na gari ndilo linaloamua udongo uwe wa namna gani.

Sprinti ya daraja la juu ina injini ya V8 ya inchi za ujazo 410 (lita 6.7), nguvu za farasi karibu 900, na uzito wa takriban kilo 635 dereva akiwa ndani. Haina stata wala giaboksi, inasukumwa na pikapu mpaka iwake. Ekseli ya nyuma ni moja nzima, haina difu (gia inayoruhusu tairi mbili za nyuma zizunguke kwa kasi tofauti). Sasa itakataje kona? Tairi la nyuma kulia ni kubwa kuliko la kushoto, tofauti ya mzingo huweza kuzidi inchi 10. Chukua glasi yenye kitako chembamba uibingirishe mezani: inajikunja yenyewe kuelekea upande mwembamba. Ni hivyo tu.

Juu kuna bawa la futi 5 kwa 5. Jim Cushman alilijaribu Ohio mwaka 1958 na wengi wakafuata, kwa sababu linakandamiza matairi chini na mbao zake za ubavuni zinazuia gari lisilale nje kwenye kona. Kwa hiyo njia iliyotengenezwa kwa kwato za farasi sasa inakanyagwa na nguvu 900. Ikiwa imelowa juujuu tu, raundi kumi hazifiki, udongo wote uko kwenye uzio.

Neno moja la pembeni kuhusu mafuta: wanatumia methanoli, na injini inaila zaidi ya mara mbili ya petroli. Mwali wake mchana karibu hauonekani, hivyo ukimwona fundi anajipigapiga bila moshi, mmwagie maji mengi upesi. Na usiache madumu yake wazi. Hapa Uganda kila mtu anajua methanoli kwenye waragi, pombe yetu kali, inafanya nini.

Boza_la_Usiku
Nije kwenye udongo, maana hapo ndipo watu wa "greda siku mbili" wanapotea.

Udongo wa Knoxville ni mweusi, mzito, unanata. Kazi ya udongo wa namna hiyo ni kushika maji kwa kina na kuyaachia polepole. Moramu yetu nyekundu haifanyi hivyo. Ni nzuri kwa barabara, lakini ina vijiwe, na kijiwe kinachorushwa na tairi la nyuma kinatoboa rejeta ya gari linalofuata au kinapasua kioo cha helmeti. Mkiwa na moramu tu, chekecheni au funikeni kwa tabaka la mfinyanzi lisilopungua sentimita 15. Udongo wa kichuguu, ule wa kukandikia nyumba, unafaa kuchanganya. Msiende kuchota kinamasini, NEMA, watu wa mamlaka ya mazingira, watawakuta huko.

Pimeni kabla ya kulipa lori. Lowesha udongo kidogo, ufinyange kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Utepe ukipita sentimita 5 bila kukatika, mfinyanzi upo wa kutosha. Ukikatika kwenye 2, hiyo ni vumbi la kesho. Udongo mweusi wa Karamoja utafaulu jaribio hili vizuri mno, ila ukikauka unapasuka nyufa na mvua ikinyesha hata trekta halipiti, kwa hiyo usitumike peke yake.

Maji sasa. Njia ya mita 800 yenye upana wa mita 18 ni mita za mraba 14,400. Tabaka la sentimita 10 ni mita za ujazo 1,440, uzito kama tani 2,160. Kupandisha unyevu kwa asilimia 5 tu ya uzito huo unahitaji tani 108 za maji, yaani boza 11 za lita 10,000. Kila mara! Anzeni na robo maili: mita 400 kwa 15 inataka lita 45,000, boza nne na nusu. Baltes naye alianza na robo.

Namna ya kumwagilia: chimbua kwa haro sentimita 10, mwaga kidogo, ngoja izame, mwaga tena, usiku, jua lisiibe. Kisha rola ya miguu ya kondoo (ile yenye vinundu vya chuma), halafu rola laini. Mwisho magari yenyewe yapite polepole kukanyagia mpaka juu pang'ae kidogo bila kunata viatuni. Ukimwaga yote kwa mkupuo yanakimbilia chini kwenye mteremko wa ndani, kona ya ndani inakuwa tope na ya nje inabaki unga. Hilo ndilo kosa la kawaida kabisa. Mtaro uwe upande wa ndani, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Ekseli_Nzima (Jinja)
Asanteni sana. Kuna aliyependekeza oili chafu ya gereji badala ya maji, kuzuia vumbi. Vipi?

Boza_la_Usiku
Hapana kabisa. Soma habari za mji wa Times Beach, Missouri, Marekani. Miaka ya 1970 mkandarasi alimwaga oili chafu barabarani kuzuia vumbi, kumbe ilikuwa na dioksini, sumu kali. Farasi walikufa kwenye kiwanja chao alichomwagia oili hiyo hiyo kwingineko, na 1983 serikali ikanunua mji mzima ili watu wahame. Mkitaka msaada wa maji tumieni kloridi ya kalsiamu. Inavuta unyevu wa hewani. Inaleta kutu, kwa hiyo osheni chesisi jioni ile ile.

Fundi_Ndeeba
Na silinda ya kusogeza bawa pia, na bolti za breki. Watu huosha wanachokiona tu.

Ekseli_Nzima (Jinja)
Sawa. Mbio zikiwa Jumamosi saa kumi jioni, boza la kwanza limwage lini?

Boza_la_Usiku
Alhamisi saa mbili usiku. Jumamosi asubuhi chimba shimo la sentimita 10 kila kona. Chini pakiwa pakavu, ahirisha.