Picha ghafi moja, programu mbili: tufanyeje rangi zisiachane?

Studio_Kamalondo
Jambo yenu wandugu. Naomba mawazo ya wale wanaosafisha picha kwa zaidi ya programu moja.

Mwezi wa kumi tulipiga harusi, mimi na mdogo wangu wa kazi. Tulimpeleka bibi harusi chini ya jakaranda, mnajua Lubumbashi inavyokuwa msimu ule, barabara nzima imetandikwa maua. Kamera zetu ni za aina moja, zote tuliziweka kwenye RAW, yaani zitoe picha ghafi ambayo kamera haijaipika. Nyumbani tukagawana picha nusu kwa nusu: mimi Lightroom ya kampuni ya Adobe, yeye darktable, kwa sababu ni ya bure na kompyuta yake ni ya Linux.

Albamu ilipochapwa, ukurasa wa kushoto maua ni zambarau, wa kulia yameelekea bluu. Hilo lingevumilika. Uso wa bibi harusi ndio ulioniumiza: kwangu ni kahawia iliyoiva, kwake umepauka, una ujivujivu. Mama yake aliweka kidole ukurasa huu, akakihamishia ukurasa wa pili, akaniuliza, "Huyu ni mtoto wangu. Na huyu?" Nilichapa upya kwa pesa yangu.

Sasa nataka kujua ipi inafaa: kuhamisha faili za XMP, kugeuza kila kitu kuwa DNG, kupeana TIFF, au wote tuhamie programu moja?

Yaya_Katuba
Pole sana. Nianze na XMP, maana hapo ndipo wengi wanapoteza muda, na mimi nilipoteza miezi.

Faili ya XMP haina picha ndani. Ina maagizo tu: ongeza mwangaza kiasi hiki, kata hapa, punguza kivuli pale. Adobe waliileta mwaka 2001, na programu nyingi zinaisoma, lakini kusoma si kuelewa. Maagizo ya Lightroom yameandikwa kwa ajili ya injini ya Lightroom. Ukimpa mpishi mwingine karatasi iliyoandikwa "chumvi vijiko viwili" na kijiko chake ni kikubwa kuliko chako, mboga haitakuwa ile.

Ukifungua picha kwenye darktable kwa mara ya kwanza, nayo ina XMP ya Lightroom pembeni, inajaribu kutafsiri: jinsi ulivyokata, mwangaza, mkunjo wa toni (mstari unaoamua giza na mwanga vipandeje), chembechembe, madoa uliyofuta. Inafika karibu, haifiki palepale. Maski, yaani sehemu ulizochora kwa brashi ili uzirekebishe peke yake, zisahau kabisa. Kinachohama salama ni nyota, maneno ya utafutaji na maelezo ya picha. Kwa hiyo XMP itumie kuchagulia: mmoja anaweka nyota, mwingine anaziona.

Angalizo mbili. Lightroom huweka kazi yako kwenye katalogi yake, si pembeni ya picha, mpaka uiambie iandike XMP (Ctrl+S, au uiwashe kwenye mipangilio). Halafu majina: Lightroom inaandika DSC_0412.xmp, darktable inaandika DSC_0412.NEF.xmp. Zinakaa folda moja bila kugombana, ila kila moja inabaki na yake, na RawTherapee, programu nyingine ya kazi hii, ina faili yake tena ya .pp3.

Picha_za_Ruashi
DNG, aina ya faili ya picha ghafi iliyotungwa na Adobe, nimeijaribu, naisema kwa kifupi. Inabeba maagizo ndani ya faili yenyewe, kwa hiyo hakuna kitu cha pembeni cha kupotea kwenye flashi. Lakini maagizo yaliyomo ni yaleyale ya Adobe. Programu nyingine ikifungua DNG yako inaona picha ghafi, inaanza upya. Kwa tatizo lako haisaidii.

Mzee_wa_Kenya
Mwanangu, mimi nasafisha picha tangu enzi za chumba cha giza, na dawa niliyoiona ya uhakika ni moja: kinachohama bila kubadilika ni picha, si maagizo. Safisha mwanga na rangi mahali pamoja, toa TIFF ya biti 16, yaani faili ya picha iliyokwisha kupikwa bila kupoteza kitu, yenye profaili ya rangi ndani yake (maelezo ya kila namba ni rangi gani), mwingine aendelee nayo. Hapo programu zote zinaona kitu kimoja.

Gharama yake ni nafasi. Kamera ya megapikseli 24 inatoa TIFF ya karibu MB 144 isipobanwa. Picha 400 za harusi ni karibu GB 58. Na ukishagandisha hivyo, balansi ya weupe (kuamua kipi kionekane cheupe) huwezi tena kuirudisha nyuma kwa uhuru ule wa RAW. Kwa hiyo usigandishe zote. Gandisha zile za albamu tu.

Dada_Kampemba
Shikamoo Mzee, nakubaliana nawe, ila naona tatizo la ndugu yetu linaanza kabla ya hapo: hawa wawili hawakuanza mahali pamoja. Hata kabla hujagusa kitu, kila programu imeshaamua nyekundu ya kamera yako ni nyekundu gani, na imeshaweka mkunjo wake wa toni. Zambarau na ngozi nyeusi ndizo zinazofichua tofauti hiyo haraka. Ngozi yetu ina nyekundu na njano nyingi ndani ya kivuli. Mkunjo ukiinua vivuli na kupunguza rangi, mtu anakuwa kama kapakwa majivu. Hili nalipigania kila siku kwa wateja wangu, kwa sababu uso wa mtu ukitoka vibaya umemkosea yeye mwenyewe.

Ninachofanya: RawTherapee nayo ni ya bure, iko Linux, na inasoma profaili za DCP, faili zinazoeleza rangi za kamera fulani, zilezile zinazotumiwa na Lightroom. Darktable haizisomi. Pakua DNG Converter ya Adobe, haina malipo, profaili za kamera nyingi ziko ndani yake. Chukua ya kamera yenu, iingize RawTherapee kama profaili ya kamera, uweke alama kwenye visanduku vya mkunjo wa toni, jedwali la msingi na jedwali la mwonekano. Kisha zima mkunjo wa otomatiki ambao RawTherapee huweka yenyewe picha inapofunguka, la sivyo utakuwa na mikunjo miwili juu ya uso mmoja. Nawe kwenye Lightroom chagua profaili hiyohiyo, Adobe Standard, si Adobe Color.

Na msipeane namba za Kelvin, zile za kupima rangi ya mwanga! 5500 ya programu moja si 5500 ya nyingine. Pigeni picha moja ya kadi ya kijivu kila mwanga unapobadilika, kila mtu abonyeze hiyo kadi kwa chombo cha balansi ya weupe kwenye programu yake.

Yaya_Katuba
Naongeza: marekebisho ya lenzi. Lightroom ina data zake, darktable na RawTherapee zinatumia Lensfun, hazina ya bure ya data za lenzi. Kingo zinaweza kuachana kidogo, kwa hiyo kata picha mwishoni, baada ya lenzi.

Na kama mdogo wako hataki kuiacha darktable, ina njia ya kupima rangi kwa kadi ya visanduku 24 vya rangi. Kadi hiyo ni ghali.

Studio_Kamalondo
Wandugu, nimerudi. Jana usiku tuliketi na picha ileile ya bibi harusi. Profaili moja pande zote mbili, mkunjo wa otomatiki umezimwa, weupe tuliuchukua kwenye shela yake sehemu moja kwa sababu kadi hatukuwa nayo. Tukaziweka mbili hizo kwenye skrini moja, yangu, maana skrini ya mdogo ina ubluu wake.

Uso umekutana. Nilisogeza macho kutoka shavu moja hadi lingine, sikuona mpaka. Maua yaliyo juani yamekutana pia. Yaliyo kivulini nyuma ya gari bado yana tofauti ndogo, ya kwangu yameiva zaidi, na ukali wa picha haufanani, hilo tutalirekebisha kwa mkono.

Tumekubaliana: mdogo anahamia RawTherapee kwa kazi za harusi, darktable abaki nayo kwa picha zake mwenyewe. Nyota kwa XMP. Picha za albamu, kama 60 hivi, zinatoka TIFF, GB 9 kasoro, zote zinamaliziwa kwenye skrini moja kabla ya kwenda kuchapwa.

Dada, nitaomba unionyeshe unakonunua kadi ya kijivu. Jumamosi tuna harusi kwenu Kampemba.

Dada_Kampemba
Usinunue. Pita kwangu Ijumaa, ninazo mbili.