Gego limeoza ila haliumi, na anasubiri figo: ling'olewe?

Mleta uzi: Habari wakuu. Mgonjwa wetu husafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huku akisubiri kupandikizwa figo. Timu ya upandikizaji inataka barua ya daktari wa meno. Ana gego la chini lililooza hadi kwenye mzizi, na fizi zinatoka damu akipiga mswaki. Anasema jino halimsumbui, kwa nini liguswe? Na likiguswa, iwe siku gani?

Magego32: Kutouma si usalama. Neva ya jino ikishakufa maumivu hupotea, lakini usaha huendelea kujijenga kwenye ncha ya mzizi. Leo kinga yake inaudhibiti. Akishapandikizwa atameza dawa za kushusha kinga, na hapo bakteria walewale wanaweza kusambaa kwenye damu. Apigwe eksirei ya taya zote, maana majipu ya mizizi hayaonekani kwa macho. Lisilozibika ling'olewe sasa. Fizi zisafishwe ukoga hadi chini ya ufizi. Siku: kesho yake baada ya mashine, sumu zikiwa zimepungua na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda anayopewa kwenye mashine, imekwisha nguvu. Jumanne inafaa.

Muuguzi wa mashine: Jumanne sikubaliani nayo. Jumatano anapewa heparini tena na kidonda kinaanza kuvuja upya. Jumamosi ni bora, anapata siku mbili damu igande. Ikilazimu katikati ya wiki, kitengo kiombwe mapema kipunguze heparini au kiiache kipindi kinachofuata. Kidonda kishonwe, kisiachwe na pamba tu. Mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, usipimwe presha wala kuchomwa sindano, amwambie daktari wa meno kabla hajakaa kitini.

Magego32: Kweli, Jumamosi.

Dawa_Kwa_Kipimo: Maumivu: parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki asiguse, hata kama mkojo bado unatoka kidogo. Huo mkojo una thamani: ni kazi ya figo iliyobaki, na dawa hizo zinaweza kuimaliza. Amoksilini ikiandikwa, dozi ipangwe kwa hali ya figo, na siku ya mashine aimeze baada ya kusafishwa, kwani mashine huiondoa. Wanaosubiri ini hesabu yao ni nyingine: wapimwe INR (muda wa damu kuganda) na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda kabla ya kung'oa, na parasetamoli kwa kawaida isizidi gramu 2 kwa siku.

Mleta uzi: Asanteni. Kidonda kinapona lini? Na dawa ya kusukutua?

Magego32: Ufizi hufunga kwa wiki 2 hadi 3, mfupa huchukua miezi. Akiitwa kupandikizwa kabla ya hapo aiambie timu mara moja, wao ndio wataamua. Klorheksidini ya asilimia 0.2, mililita 10 asubuhi na jioni, aanze kesho yake, siyo siku ya kung'oa, asije akaondoa damu iliyoganda. Asubiri dakika 30 baada ya mswaki, kwani povu la dawa ya meno huipunguza nguvu. Meno yakibadilika rangi ya kahawia, husafishika. Kinywa kikikauka kwa kubaniwa maji, atafune chingamu isiyo na sukari, siyo peremende. Barua itaje kilichofanyika, tarehe, na kilichobaki; "meno yako sawa" pekee mara nyingi hurudishwa.