Istanbul, Jaipur au Granada? Disemba na mapacha na mamangu

MamaMapacha_Kisauni
Asalaam aleikum jamani. Disemba shule zikifungwa twataka kusafiri, mimi na mume wangu, mapacha wa miaka 8 na mamangu ambaye magoti yamsumbua. Mamangu ujanani kacheza lelemama sana hapa Mji wa Kale, hamu yake ni kuona wenzake wanavyocheza kwao, mume wangu naye ni seremala wa milango, yeye ni majumba tu. Tumebakisha miji hiyo mitatu: Istanbul ya Uturuki, Jaipur ya India na Granada ya Uhispania. Aliyekwenda na familia anambie ukweli.

FundiKuze
Kwa majumba Istanbul haina mfano. Ayasofia, kanisa la zamani ambalo sasa ni msikiti, ilimalizwa mwaka 537 na lile kuba ukiliangalia ni kama limening'inizwa toka juu, ila mimi iliyonitoa machozi ni msikiti wa Suleymaniye uliochorwa na Sinan, msanifu majengo wa masultani. Sasa ngoma, wale darweshi wanaozunguka na kanzu nyeupe, ile ni ibada dadangu, hupigi makofi wala huzungumzi, mwanangu alilala. Na Disemba kule ni baridi na mvua.

Ami_Likoni
Granada kuna Alhambra, ngome na majumba ya wafalme Waislamu wa zamani, kuta zimejaa "wa la ghaliba illa Allah" (hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu), utasoma mpaka shingo iume. Flamenko nayo, ngoma ya kule, huchezwa mapangoni mtaa wa Sacromonte. Lakini viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, ya watu watano si mchezo, milima mingi, na tiketi ya majumba ya Nasrid mle ndani ya Alhambra ina saa yake, ukichelewa huingii.

BintiKibokoni
Jaipur, wallahi nendeni Jaipur. Disemba ndo wakati wenyewe, Mei ni moto haukaliki. Kuna jumba la Hawa Mahal, lilijengwa 1799, madirisha 953 ya mawe yaliyotobolewa tobolewa ili wanawake wa jumba la mfalme waone barabarani wao wasionekane, nlisimama pale nkakumbuka roshani zetu za Mji wa Kale. Na kupanda juu, sehemu kubwa ni mteremko si ngazi, kwa hivyo bi mkubwa atafika. Ngome ya Amber Fort ndo iko kilimani, pale chukueni gari mpaka juu, msiukose ukumbi wa Sheesh Mahal mle ndani, ni vioo vidogo vidogo ukuta mzima. Ngoma sasa, kuna ghoomar, wanawake wenyewe kwa wenyewe wakizunguka na sketi pana, na kuna kalbelia, nguo nyeusi, mwili wajipinda kama nyoka. Mimi na wanangu tulivutwa tukacheza nao.

FundiKuze
Hapo kwa ngoma nakubali. Kwa majumba bado sijashindwa 😅

MamaMapacha_Kisauni
Nimemsomea mamangu yote. Ya darweshi kayanyamazia, ya ghoomar akauliza swali moja tu: waimba wenyewe au ni kanda?

BintiKibokoni
Mwambie waimba wenyewe, huku wakipiga makofi.

MamaMapacha_Kisauni
Basi keshaniuliza pasipoti yake iko wapi.