Naomba ushauri: mtoto aliungua maji ya moto wakati wa Korona, sasa mkono haunyooki

Habari zenu wapendwa. Mwaka 2020, tukiwa tumefungiwa ndani kwa ajili ya Korona, mwanangu wa miaka miwili alivuta waya wa birika la umeme. Nilikuwa kwenye kikao cha kazi kwa simu, hatua tatu tu kutoka alipokuwa. Maji yakammwagikia kifuani na mkono wa kulia.

Nilimpaka dawa ya meno, Mungu anisamehe, sikujua. Kumbe ilitakiwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu wala mafuta. Hospitali nilimpeleka baada ya siku mbili, kwa kuogopa maambukizi ya Korona huko. Hilo linaniuma hadi leo.

Kidonda kilipona, ila kovu ni gumu, limevimba, na usiku linamwasha anajikuna hadi damu. Kinachonitisha zaidi ni kiwiko. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe, ngozi inavutika mpaka inakuwa nyeupe, kisha anabadilisha anatumia wa kushoto. Na kadiri anavyokua, ndivyo inavyozidi kubana.

Wazazi mliopitia haya, mtoto wenu alifanyiwa upasuaji wa kulegeza kovu, au mazoezi ya viungo na nguo maalumu za kubana kovu vilitosha? Mlimshawishije kuvaa nguo hizo kutwa nzima? Na wenzake wakimuuliza mkono umefanya nini, mlimfundisha ajibu vipi? Wangu sasa anavaa mikono mirefu hata kwenye joto kali.