Wakuu, nataka kwenda Unguja na Pemba kujifunza mapishi ya pwani. Siku tano nizipangeje?

MpishiNyanda: Habari zenu wadau. Nipo Iringa, nafungua mgahawa na nataka chakula cha pwani ndicho kivute watu. Nimetenga siku tano, tatu Unguja na mbili Pemba. Nataka nile, nitembelee mashamba ya viungo, nikae jikoni na akina mama wanifundishe urojo, mkate wa kumimina na pweza wa nazi. Nianzie wapi? Nachelea nisije nikarudi na picha tu.

Chapakazi: Pemba kwa siku mbili ni kushuka boti na kupanda boti. Unashushwa Mkoani, kusini, na msitu wa Ngezi uko kaskazini kabisa mwa kisiwa. Ama uipe Pemba siku nne ama uiache. Mashamba ya viungo yapo Unguja pia, Kizimbani na Kidichi, asubuhi moja inatosha.

MtuWaTanga: Unahangaika na boti ya nini? Panda basi uje Tanga. Nazi tunazo, samaki tunao, na hakuna kutapika baharini.

BintiBamvua: Kwa pweza, angalia mwezi kwanza. Maji hukupwa mbali wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapojaa, na Unguja siku hizo yanakauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo akina mama wanapoingia mwambani, na pweza anakuwa wa siku hiyo hiyo.
Kupika: mpondeponde, mbandike bila chumvi, atachemka kwa maji anayotoa mwenyewe. Moto mdogo, dakika 45 hadi saa nzima kwa wa kilo moja na nusu. Mchome uma penye unene wa mnyiri, yaani mkono wake, ukiingia bila kusukuma yuko tayari. Tia nyanya, bizari na tui jepesi. Tui zito mwisho, usifunike, koroga mpaka lichemke kidogo uepue. Ukiliacha litokote kwa nguvu linakatika, mafuta yanaelea juu na mchuzi unakuwa maji.

KifuuTupu: Swali dogo. Unakwenda lini?

MpishiNyanda: Karibuni tu mkuu. Je, mzani wa jikoni nibebe?

KifuuTupu: Karibuni lini? Hiyo "karibuni" inaficha kitu.

MpishiNyanda: Wiki ya pili ya Ramadhani. Lakini sioni shida. Mimi si Muislamu, watalii wanakula kila siku, na mchana nitakula chumbani. Nyumba ya wageni nimeshalipia nusu na tiketi za boti ninazo.

Chapakazi: Atarudi Iringa bingwa wa kupika biskuti za chumbani 😂

MzeeWaMtaa: Mwanangu, mgeni huingia kwa adabu. Kula hadharani mchana kule mwezi wa mfungo kunaweza kukufikisha polisi. Hata maji, kunywa ndani. Na uvae nguo za stara.

UkhtyMjini: Mnamtisha bure. Kilichoharibika ni ratiba yake, safari ni nzima. Chakula cha mchana mtaani asikitafute, na Forodhani, kwenye vyakula vya usiku pale Mji Mkongwe, aende baada ya magharibi. Ila kwa kujifunza futari hakuna mwezi bora: mihogo ya nazi, ndizi za nazi, magimbi, tambi, kaimati na mkate wa kumimina, vyote vinapikwa majumbani kila siku. Dada, asubuhi nenda shamba na sokoni. Saa nane uwe jikoni, maana alasiri ndiyo kazi. Mzani beba. Mama hapimi, anakisia kwa jicho, tena amefunga na haonji ovyo. Wewe usiyefunga utageuzwa muonja chumvi, ukubali, hapo ndipo utajifunza.
Mkate wenyewe: mchele vikombe 2, loweka usiku kucha, chuja, saga laini na tui zito kikombe kimoja, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki. Uache uumuke. Sukari tia mwisho pamoja na ute wa yai moja, kwa sababu sukari inaulegeza, ukiitanguliza utadhani maji hayatoshi na utazidisha. Mimina kwenye sufuria yenye mafuta iliyokwisha kupata moto. Makaa ya juu subiri mpaka vishimo vitokeze. Ukiwahi, uso unafunga na kati unabaki ubichi.

MpishiNyanda: Asante ukhty. Ila urojo ndio muhimu kuliko vyote. Menyu imeshachorwa ukutani, "Urojo wa Tui la Nazi", na fundi rangi kalipwa.

KifuuTupu: Haya, nimekuelewa. Juu "nafungua", hapa ukuta umeshachorwa. Kisha urojo wa tui! Mtu wa kulipia safari kwa ajili ya urojo hajui hauna tui? Uzi wa kutunga huu, kaja kuchota mapishi ya bure.

MtuWaTanga: Nazi ipo, kwenye chatne.

KifuuTupu: Chatne inatiwa juu, haimo kwenye rojo.

UkhtyMjini: Rojo ni unga wa ngano. Vijiko vinne vya chakula kwa lita moja, uvuruge kwa maji baridi kwanza usitoe madonge, tia manjano na embe bichi, chemsha mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Ndimu ukishaepua. Humo ndimo zinapoingia bajia, kachori, viazi, mishkaki, chatne na pilipili. Ukitia tui na ndimu pamoja litakatika. Awe mkweli au mwongo, hesabu ni hiyo.

MpishiNyanda: Situngi. Ukuta umechorwa na milango bado haijafunguliwa, vyote vinawezekana. Na wateja wa huku wanapenda nazi.

BintiBamvua: Mnagombana na mmesahau mwezi. Wiki ya pili ya mfungo inaishia mwezi ukijaa. Achana na Pemba, sogeza safari uwe Unguja kuanzia tarehe 14 hadi 18 ya mfungo. Bamvua hilo hapo.

MpishiNyanda: Pemba naifuta, tarehe nitaulizia kwenye ofisi ya boti kesho. Lakini tui libaki. Nitauita urojo wa Iringa.

KifuuTupu: Sawa, ila usiandike Zanzibar ukutani.