Makadirio mapya ya nyumba ya Babu

*Shangazi:* Wanangu, imekuja hati ya makadirio ya thamani ya nyumba ya Babu, ile ya kodi ya majengo. Thamani imeruka! Nilipe au nisilipe?

*Juma:* Shikamoo Shangazi. Hiyo si bili bado, ni thamani waliyoikadiria tu. Bili huja baadaye, wakishaizidisha na kiwango cha kodi. Usilipe leo, ila usiifungie kabatini. Tafuta tarehe ya mwisho ya pingamizi.

*Shangazi:* Marahaba. Maandishi yenyewe kama sisimizi. Zuhura, njoo unisomee.

*Zuhura:* Siku 30 tangu tarehe ya hati. Si tangu tulipoipokea 😩

*Ba'mdogo:* Wanatukamua tu. Thamani juu asilimia 20, kodi juu asilimia 20.

*Juma:* Si lazima, Ba'mdogo. Mtaa mzima ukipanda hivyo hivyo na kiwango kikashushwa, bili inaweza kubaki palepale. Anayeumia ni yule aliyepandishwa kuliko wenzake. Kwanza tujue kama hapo wameandika nyumba yetu kweli.

*Zuhura:* Kiwanja sawa. Vyumba sita. Ghorofa mbili. Banda la uani.

*Shangazi:* Ghorofa?? Iko wapi nikahamie 😂

*Ba'mdogo:* Na lile banda tulishalibomoa zamani.

*Juma:* Basi pingamizi ndilo hilo. Tukiandika "kodi kubwa mno" hatusikilizwi, kiwango hakipangwi na mthamini. Tupeleke picha, ramani, na bei za nyumba za aina hiyo zilizouzwa karibu na tarehe ya uthamini. Hiyo tarehe muiangalie vizuri, mara nyingi ni ya nyuma. Ufa uliotokea juzi, baada ya tarehe hiyo, hausaidii kitu.

*Mama Zuhura:* Na chumba cha nyuma tulichoongeza? Hakimo humo. Tunyamaze?

*Ba'mdogo:* Kimya kabisa.

*Juma:* Hapo sikubaliani, Ba'mdogo. Sehemu nyingi mwenye jengo ndiye anayetakiwa kutoa taarifa akijenga, akibomoa au akibadili matumizi. Tunawaita wenyewe waje kukagua, halafu tukifiche? Wakikiona wanaweza kudai ya miaka ya nyuma na faini juu.

*Ba'mdogo:* Haya, wakili wa ukoo.

*Zuhura:* Jina bado la Babu. Anwani pia ya zamani, hati kaileta jirani.

*Juma:* Hilo ndilo linanitisha kuliko ghorofa. Kwa kawaida kutopokea bili hakufuti deni, na deni hubaki na nyumba hata mwenyewe akifariki. Halafu penye nafuu ya kodi kwa wazee, mara nyingi mtu huiomba, haimfuati. Shangazi anaishi humo na umri anao, lakini kwa jina la marehemu ombi litakwama.

*Shangazi:* Sasa tuanze na lipi, mwanangu?

*Juma:* Pingamizi, maana siku zinahesabika. Jina na anwani vifuate wiki hiyo hiyo. Bili ikitangulia majibu, tulipe tu kwa wakati. Penye utaratibu huo, tukishinda ziada hurudishwa au huhamia bili ijayo. Tukigoma, riba inapanda.

*Ba'mdogo:* Nani anasaini? Msimamizi wa mirathi, sivyo?

*Mama Zuhura:* Ndiyo, ni mimi. Barua ya mahakama ninayo, naipiga picha jioni.

*Zuhura:* Mie napiga za nyumba sasa hivi, mbele na nyuma.

*Shangazi:* Ngoja kwanza nianue nguo!